Mama Bénédicte Mapendo, Aliyeweka Taa Katika Kave ya Fromaji

Mama Bénédicte Mapendo alizaliwa Pinga, katika Walikale, tarehe 14 Machi 1972. Baba yake, Papa Michel, alikuwa mwindaji. Mama yake, Mama Olga, alilima mihogo na kulalamika juu ya wawindaji. Marehemu alirithi uvumilivu wa baba na ulimi wa mama. Ulimi ndio uliotangulia siku zote.

Shule ya msingi aliisoma Pinga, kisha akatumwa Goma kusomea umeme. Alikuwa msichana peke yake darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama hakupotea njia, maana darasa la kushona lilikuwa upande wa pili. Akamjibu: “Mwalimu, kurant ya umeme haiulizake kama ni mwanaume ao mwanamuke njo anaigusa.” Alipata diploma yake mwaka 1992, jambo ambalo si kila mtu katika jamaa hii anaweza kulisema.

Kazi aliianza Mubi, akiunganisha maduka kwenye jenereta, halafu akaiendeleza Mushaki, turbini ya mtoni ilipoanza kutoa umeme. Wengi mlio hapa mnawasha taa alizozifunga yeye. Wengi pia mnamkumbuka kwenye matanga: alifika kabla ya wapishi, na kabla hajalia alikagua waya zilizofungwa kwa vipande vya sasheti za plastiki. Akikuta ubaya, anakata, watu wanabaki gizani wamenuna. “Tulikuja kulilia mufu mumoja,” aliwaambia. “Musinitafutie wa pili.”

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Papa Evode, mfugaji na mtengenezaji wa fromaji, yaani jibini, wa hapa Mushaki, Masisi. Jamaa ya bwana ilipeleka Pinga mbuzi pamoja na fromaji. Shangazi mmoja wa marehemu, ambaye hakuwa amewahi kuona kitu cha namna ile, alishuka na kipande cha fromaji mtoni akafulia kitenge, akarudi analalamika kwamba sabuni ya Masisi haitoi povu. Ndoa ilipona hata hapo. Mungu aliwajalia Nicole, Thierry na Gisubizo.

Kitu kimoja kiliwagombanisha miaka yote. Chini ya nyumba yao, upande wa mteremko, iko kave, chumba cha chini ya ardhi, ambamo Papa Evode alilaza fromaji zake ziive. Fundi wa zamani alikuwa ameacha humo waya zilizopita katika ukuta unaotoa maji. Papa Evode hakutaka ziguswe: fromaji hupenda giza, na umeme, kwake yeye, ni nyoka tu. Hivyo mahali pekee Mushaki pasipo na taa ya Mama Bénédicte palikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kuchoka. Kisha vita ikafika Pinga, na dada yake Emérita akaja na watoto wake, akapewa kave. Ng’ombe walikuwa wamekwisha kwenda na vita. Fromaji za kulinda hazikuwapo tena. Siku chache baadaye mtoto aliunga chaja ya simu kwenye zile waya za ukutani, cheche zikaruka mpaka kwenye mkeka. Daktari alikuwa amemwamuru marehemu apumzike. Alimjibu: “Nitapumuzika, dokta. Ila hapana wakati batoto banalala na kifo mu ukuta.”

Aling’oa waya zote za zamani. Akapitisha mpya ndani ya mabomba, akapandisha prizi, tundu za kuchomekea, juu, mbali na maji ya sakafuni. Halafu miguu ikavimba, ngazi zikamshinda. Akawekewa kiti kwenye mwanzo wa ngazi, Papa Evode akashuka na bisibisi, marehemu akimwamuru kutoka juu. Kabla ya kugusa chochote alitakiwa kukata umeme, kupima, na kutaja kila waya kwa sauti. Akikosea, anaanza upya. Waligombana kama maarusi. Walichoka, wote wawili, na hakuna aliyekiri.

Tarehe 28 Juni 2025 taa ya mwisho ilifungwa. Papa Evode aliomba jirani aitwe aje kuwasha. Marehemu alikataa. “Papa Nicole, weye njo uliifunga. Weye njo utawasha.”

Papa Evode alifumba macho, akabonyeza swichi. Kutoka chini Emérita alisema: “Dada, tunaonana.” Mama Bénédicte akaomba apelekwe kitandani. Hakuamka tena kukagua kazi. Alifariki nyumbani tarehe 3 Julai, asubuhi, Emérita akiwa anamletea uji.

Jana jirani walileta waya za kuangazia turubai la matanga. Papa Evode aliingia ndani, akatoka na bisibisi ya mke wake, akapita kiungo kwa kiungo, akakata viwili. Watu wakaanza kununa. Akasema, “Tulikuja kulilia mufu mumoja,” na hakuweza kumaliza. Hakuna aliyehitaji amalize.

Ameacha bwana yake, Papa Evode, watoto wake Nicole, Thierry na Gisubizo, wajukuu wawili, na dada yake Emérita pamoja na watoto, wanaolala katika kave yenye taa.

Apumzike sasa kwa amani. Taa tutazizima sisi.