Mwalimu Kete: Aliyefundisha kwa Mchezo, Akaponzwa na Barua

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Kete, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Hivyo ndivyo kinavyosema cheti. Dada yake mkubwa anapinga. Anasema ilikuwa Aprili, tena chumba cha tatu, kwa sababu cha pili kilivuja na yeye ndiye aliyeshikishwa beseni. Binti wa dada huyo, yaani mpwa wa marehemu, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma leo. Ni karani wa mahakama, amezoea tarehe zilizonyooka, na hii imemshinda. Ameandika zote mbili, na mwenye ugomvi amwone mama yake.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1959, akasoma sekondari ya bweni miaka minne, kisha akaingia chuo cha ualimu Januari 1971 na kuhitimu Novemba 1973. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: historia ilimpiga chenga. Majina ya wafalme yaliingia sikio hili yakatokea lile, na viboko alivila. Alichokiweza ni drafti tu. "Mchezo wa juzi naukumbuka kete kwa kete," alikuwa akisema, "mfalme wa leo asubuhi nimemsahau. Sasa mjinga ni mimi, au ni namna ninavyofundishwa?" Swali hilo hakuliacha mpaka uzeeni.

Januari 1974 alipangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya kinu cha unga. Huko alichukua kipande cha plaiwudi akachora nchi isiyokuwepo duniani, akaiita Nchi ya Ubaoni. Ilikuwa na milima, bandari na Mto Kigugumizi, ulioitwa hivyo kwa kuwa ulitiririka, ukasita, ukatiririka tena. Ilikuwa pia na Mfalme Kesho, aliyepoteza ufalme kwa kuahirisha kila jambo. Mtoto alirusha dadu, lakini kete yake haikusogea mpaka aeleze kwa nini mji umejengwa pale, au kwa nini watu wa chumvi wamegombana na watu wa chuma. Akijibu tu, wenzake wanamdaka kwa sauti moja: "Nani kasema? Alikuwepo?" Siku moja mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani nyoka kaingia darasani. Akakuta watoto arobaini wamelala sakafuni, wao ndio mto, na marehemu kasimama juu ya meza, yeye ndiye maporomoko.

"Mwalimu, hii nini?"

"Jiografia, Mkuu. Samahani, umekanyaga delta."

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa amemwomba amshonee ramani ya kitambaa inayokunjika. Marehemu alirudisha kitambaa kile mara tano, eti mpaka umekwenda upogo. "Mara ya sita nikamwambia, kaka, wewe unachokitafuta hapa si mpaka," anasimulia mjane. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa hapa ndipo mpwa alipokaa siku tatu na kalamu mkononi. Jamaa walimwambia, ruka, yaliyopita si ndwele. Hakuweza kuruka.

Mwaka 1993 mpwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa mjomba wake, wa darasa la mwisho. Kila mwaka muhula wa tatu marehemu aliweka ubao kando, akatandika ramani ya kweli na kusema, "Haya, tumetoka mchezoni, sasa tuone wenzetu walifanyaje." Mwaka ule alilazwa kwa homa ya matumbo wiki tano, na ramani ya kweli haikutandikwa. Mtihani ukaja. Swali la nne lilitaka mto mrefu kuliko yote nchini. Watoto kumi na mmoja waliandika Mto Kigugumizi. Swali la tisa liliuliza kwa nini dola fulani ya kale ilianguka, nao wakajibu bila wasiwasi kwamba mfalme alisema kesho.

Mpwa alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikosa nafasi ya sekondari, akarudia darasa pamoja na watoto waliomfika begani. Alichekwa, na aliona aibu mpaka akachukia. Januari 1994 aliandika barua kwa ofisi ya elimu, bila jina, akieleza kwamba mwalimu fulani anafundisha uongo. Aliweka tarehe, maswali, hata idadi ya watoto. Ile homa hakuitaja.

Mkaguzi alifika tarehe 16 Februari. Marehemu aliondolewa darasani siku ile ile, akapelekwa kwenye bohari ya ofisi ya elimu kusimamia madawati mabovu. Alikaa huko miaka kumi na minane, hadi alipostaafu mwaka 2012. Hakuwahi kusimama tena mbele ya darasa. Watoto wa jirani walimfuata bohari jioni, wakacheza juu ya madawati yasiyo na miguu. Mpwa hakwenda hata siku moja. Marehemu, kila alipokutana naye kwa dada yake, alimsalimu kwa uchangamfu uleule: "Karani wangu! Habari za ushahidi?" Mpwa alijibu nzuri, akatafuta pa kupitia.

Mwaka 2019 marehemu alianza kupotea njia ya dukani. Daktari alisema ni maradhi ya kusahau. Alisahau bohari, akasahau majina ya wanawe, lakini Nchi ya Ubaoni aliijua kona hadi kona. Mpwa alianza kukaa naye kila Jumamosi. Alikuwa na neno la kusema na kila wiki alilimeza.

Jumamosi tarehe 3 Februari mwaka huu alipiga moyo konde. Kabla hajafungua mdomo, marehemu alijiweka sawa kitandani, akafunga kifungo cha shati, akamwita Bwana Mkaguzi.

"Bwana Mkaguzi, mimi nihamishe," alisema. "Lakini yule binti wa dada yangu asiguswe. Barua yake ina tarehe, ina idadi, ina kila kitu. Ndivyo nilivyomfundisha."

Mpwa alisogeza kiti karibu. "Mjomba, ulijua?"

"Mjomba wa nani? Fanya upesi, Mfalme Kesho yuko mlangoni na mizigo yake."

Basi hapo mtu ashike lipi? Mahakamani ushahidi wa namna ile hauchukui hata dakika moja, unatupwa. Kama marehemu alijua, alimsalimu mpwa wake kwa furaha miaka thelathini huku akijua. Kama hakujua, hiyo salamu alikuwa akimpa mtu mwingine kabisa, mpwa mwema ambaye hakuwepo. Mpwa amegeuza jambo hili huku na huku na bado hajui.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 20 Februari 2024, saa nne kasorobo asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi mpwa alimsomea mjane karatasi hii jikoni, akamwuliza kama marehemu alijua.

"Sijui, mwanangu," mjane alisema. "Hakunitamkia, nami sikumwuliza. Ila mimi nilijua. Siku zile ulikuwa ukija kunisaidia kupiga pindo. Rasimu yako uliiacha chini ya cherehani. Niliichoma asiione."

"Na hukuniambia kitu?"

"Nilikuwa na hasira na wewe. Nimekaa nayo miaka tisa, halafu nikachoka." Akamrudishia karatasi. "Yote uliyoandika yasome hivyo hivyo. Nitakaa kiti cha mbele."

Marehemu ameacha mjane, mwana mmoja na binti mmoja, dada yake mkubwa, wajukuu watano, na wanafunzi wa miaka ishirini ambao wengine wamesimama hapa. Ameacha pia mpwa mmoja, ambaye amejificha nyuma ya neno hilo tangu mwanzo wa karatasi hii.

Mjomba, barua ile niliandika mimi. Uliumwa, na nilijua kwamba uliumwa, na sikuandika. Nilitaka kukuambia ukiwa unanifahamu, nikachelewa. Nisamehe. Lala salama, Mjomba wangu, upumzike.