Mkwe Aliyelikataa Jino Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nanyi mliochelewa mkakaa karibu na mlango, Bwana asifiwe kwenu pia.

Mimi ni Mama Asimwe wa Nshambya. Wengi mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura, maana ndimi ninayeendesha mnada wa sadaka baada ya ibada. Mtu akileta mkungu wa ndizi, jogoo au papai, mimi ndiye ninayenadi mpaka mgombanie. Leo sina papai. Nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika mateso ya jino.

Ndugu zangu, kabla ya hapo mdomo wangu haukuwa na shida yoyote. Mume wangu, Ta Rwegasira, husema shida ilikuwa kwa masikio ya wengine, lakini huyo msimsikilize. Kisha likaanza kuuma gego la mwisho, chini, upande wa kushoto, lile wanaloliita jino la hekima. Ta Rwegasira akasema hekima imechelewa kufika lakini tuipokee hivyo hivyo.

Niliweka karafuu. Nilisukutua kwa maji ya chumvi. Nilitafuna majani ya mpera mpaka ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma. Wenzangu wa kikundi cha maombi waliliombea, na mama mmoja akaliamuru litoke. Halikutoka, lilivimba. Na wakati huo huo msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ukaingia. Watu wa nyumbani kwangu walikaa jikoni wakitafuna senene mbele yangu, na mimi nikanywa uji. Kama wewe ni Mhaya, sina haja ya kukueleza uchungu wake.

Jumapili moja nilikuja kunadi hivyo hivyo, shavu limejaa kama nimeficha limau. Taya lilikuwa limekaza, mdomo haufunguki hata kupitisha kidole. Nilitaka kusema "jogoo mwekundu", kikatoka kitu ambacho watoto wetu bado wanakiiga wakienda kuteka maji. Wakaleta bata mzinga. Katikati ya kunadi jino likanichoma, nikainua mkono kushika shavu. Mtunza hazina wetu akatangaza, "Mama Asimwe mwenyewe ameongeza." Nikatikisa kichwa kukataa, akaona nakubali. Hakuna aliyethubutu kunipandia dau, wakidhani nimempenda sana yule ndege. Nikaenda naye nyumbani chini ya kwapa. Ta Rwegasira akamtazama bata mzinga, akalitazama shavu langu, akasema, "Kwa hiyo sasa jino limeanza kufanya manunuzi."

Ndipo likaja swali la kwenda kwa nani. Binti yangu Asimwe ameolewa Muleba na Deo, ambaye ni daktari wa meno. Si bingwa, ni daktari wa kawaida, anaziba na kung'oa, na watu wanamsifu sana. Ni Mkatoliki, na nashuhudia hapa mbele ya Walutheri kwamba Bwana alimtumia. Lakini ni mkwe wangu! Ninyi mnajua heshima zetu. Mama mkwe na mkwe husalimiana kwa mbali, macho chini. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kula mbele yake hata kipande cha muhogo. Sasa nikamfungulie mdomo wote, aingize na mikono?

Upande mwingine, hapa hapa Bukoba mjini kulikuwa na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa. Si mbali na kwangu. Lakini lile neno upasuaji lilinitisha. Jirani yangu mmoja akanituliza kwa kusema kwamba mtu hupelekwa kwa bingwa ndugu wakishaanza kuitana. Na kuna jambo la pili lililonisumbua zaidi. Nikienda kwa bingwa, watu wa Muleba watasemaje? Watasema mama mkwe wake mwenyewe hamwamini, sisi tumwamini kwa lipi? Asimwe alinipigia simu, hakusema hivyo, lakini niliisikia hofu hiyo katika sauti yake.

Ta Rwegasira akakata shauri. "Tulimpa binti," akasema. "Tutamnyimaje jino?"

Basi nikaenda Muleba. Kabla sijaingia tulipatana, kupitia kwa Asimwe, kwamba Deo atavaa barakoa yake na mimi nitafumba macho, hivyo mkwe na mama mkwe watakuwa kama hawajaonana. Nikalala kwenye kile kiti, nimejifunga kanga mpaka shingoni. Akachungulia, akapiga picha ya eksirei, kisha nikamsikia akiigeuza na kuigeuza tena. Ndugu zangu, daktari akinyamaza, mgonjwa husikia mengi.

Mwisho akasema, lakini akamwambia mkewe, siyo mimi. "Mwambie Mama kwamba jino limelala."

"Mama, anasema jino limelala," akasema Asimwe, ambaye alikuwa amesimama katikati yetu.

"Mwambie aliamshe," nikajibu kwa meno yaliyofungana.

"Mwambie limelala ndani ya mfupa, na limegusana na mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini. Mimi siling'oi."

Asimwe hakulirudia hilo. Nikafumbua macho. Nilijua kilichotokea: kijana ameogopa. Ameona ni mama mkwe wake, mkono umekufa ganzi kabla ya jino. Nikakaa kitako, nikasahau kuangalia chini, nikamwuliza uso kwa uso, "Na kama ningekuwa mtu baki?"

Deo akavua barakoa. Alikuwa anatoka jasho, maskini. "Waitu Mama," akasema kwa heshima yetu ya Kihaya, "ungekuwa mtu baki ningekwambia hivi hivi. Meno ninayoyaweza nayang'oa kila siku, hata nikiwa na usingizi. Hili ni la bingwa. Nikilivuta kwa nguvu linaweza kuvunjika, na mdomo wako ukabaki na ganzi, labda maisha yako yote. Kazi yako ni kunadi, Mama. Sitaki siku moja Asimwe alazimike kuchagua kati ya mama aliyeharibika mdomo na mume aliyemharibu."

Akanipa dawa ya kukausha usaha, maana alisema halitoki likiwa limevimba vile. Akampigia simu yule bingwa wa Bukoba mbele yangu, akanipangia siku. Nikarudi nyumbani na jino langu.

Ta Rwegasira alipandwa na hasira. Alitaka kuitisha kikao cha ukoo. "Jino la mama mkwe linakataliwaje?" Halafu akaja na shauri lake: tutafute daktari mwingine wa kawaida, asiye mkwe, huyo hatakuwa na aibu, atang'oa na mambo yaishe. Na ndugu zangu, nilikubali. Nisiwadanganye, nilikubali kabisa. Tukataja na jina la mtu.

Nikaingia chumbani kuomba kabla ya safari. Nilianza kama siku zote, "Bwana, niletee mtu wa kulitoa jino hili." Nikafika hapo, nikakwama. Nilikumbuka lile jasho usoni kwa Deo. Kijana yule angeweza kunifurahisha. Angevuta, nikamsifu, Muleba nzima ikasikia kwamba amemtibu mama mkwe. Alikubali kuonekana hawezi, mbele ya mkewe, ili mimi nisiumie. Mimi nimeomba aje mtu wa kung'oa, Bwana amenitumia mtu wa kukataa, na sasa natoka mlangoni kumtafuta asiyejua kukataa! Nikatoka chumbani nikamwambia mume wangu, "Naenda kwa bingwa." Akaniuliza nimeambiwa na nani. Nikamwambia na mkweo.

Siku ilipofika uvimbe ulikuwa umeshuka. Bingwa alikuwa mwanamke, mpole, mwenye vidole vyembamba. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu lenye shoka. Akaniuliza ninapumuaje, ninatumia dawa gani, kisha akanieleza kila kitu: atachoma sindano ya ganzi, atafungua fizi, atalikata jino vipande na kulitoa kidogo kidogo, kisha atashona. Akasema, "Ukiumia, inua mkono." Nikamwambia mkono huo ulishaninunulia bata mzinga, akacheka mpaka ikabidi ashushe sindano kwanza.

Nilifumba macho. Sikusikia maumivu, nilisikia kusukumwa tu, na mlio wa mashine kama mtu anapasua mbao nyumba ya jirani. Lakini hofu ilinipanda, nikapapasa pembeni nikaupata mkono wa nesi. Niliubana. Nilimwita Yesu kimoyomoyo na kucha zikazama. Mkono haukutoka. Nesi huyo, nikawaza, Mungu ambariki.

Walipomaliza, bingwa akaniambia niguse mdomo wa chini. Niliugusa. Kwanza ganzi, lakini jioni nikausikia wote, kila upande, na nikalia juu ya bakuli la uji. Asimwe na Deo walikuwa wamefika nyumbani. Deo akapokea kikombe cha chai, na mkono wa shati ukapanda. Ngozi yake ilikuwa na alama za kucha tano, nyekundu, zimevimba.

Alikuwa amekuja kutoka Muleba, akamwomba bingwa ruhusa asimame kando ya kiti changu, akatoka kabla sijafumbua macho, wala hakusema neno. Mama mkwe na mkwe hatushikani mikono, ndugu zangu. Mimi nilimshika mpaka nikamtoboa. Nikamwambia, "Deo, mwanangu, sogeza kiti." Na siku zile meno yaliporudia kazi, tulikula senene sahani moja, Ta Rwegasira akitutazama kama watu waliovunja sheria.

Basi namshukuru Bwana kwa mdomo huu. Namshukuru kwa bingwa, na namshukuru kwa mtu aliyejua mwisho wa uwezo wake akausema. Ndugu yangu, ukikataliwa na anayekupenda, usikimbilie mlango mwingine kabla hujauliza kwa nini. Mtumaini Mungu, uende unakoelekezwa.

Na wewe, baba mwenye koti la kijivu pale kwenye nguzo. Umelishika shavu lako tangu wimbo wa kwanza, na mahubiri yote hujaitikia hata amina moja. Tukitoka, usiende nyumbani. Nisubiri mlangoni. Nitakupeleka mwenyewe, na mkono wa kushika nitakupa wangu.