Donat Jicho na Filme ya Pweto

Pale barabara ya Katuba inapopinda kwenda mission ya mapadri palikuwa na ubao mmoja juu ya mapipa mawili matupu. Kila asubuhi Mama Hortense alipofika na birika lake la kahawa, wawili walikuwa wameshakaa: Anaclet, aliyeitwa Vapeur, yaani mvuke, kwa kuwa alitia makaa kwenye treni miaka kumi na tisa, na Zéphirin, karani kutoka Kasai aliyeitwa Avocat, yaani wakili, bila kusimama mahakamani hata siku moja. Jumamosi ile ya mwaka 1956 Donat Kasonde naye alikuwapo, ingawa ilikuwa saa ya kazi. Yeye walimwita Jicho. Miaka minane alimbebea Padri wa mission mashine ya kupigia sinema, na Padri alipougua homa kule Pweto ziwani, Donat ndiye aliyepiga picha zote za wavuvi. Jana filme ilionyeshwa kwenye uwanja wa mission. Watu walishangilia, kisha likatokea mwishoni jina la Padri peke yake. Na Jumatatu alikuwa anafika kijana kutoka Ubelgiji kuishika mashine mahali pake. Donat amfundishe kazi, halafu arudi kubeba mizigo.

— Jina yako balisahau juu ya nini? aliuliza Vapeur.

— Habakusahau, alisema Avocat. Iko sheria. Jina ya muntu mweusi haiingie mu filme bila timbre, ile stempu ya serikali.

— Hiyo timbre banauzisha wapi?

— Habauzishe.

Vapeur alikohoa.

— Miye naona ni moto. Taa ya ile mashini inashinda chaudière ya treni kwa moto. Banaandika «Kasonde», inayeyuka. Majina ya bazungu ilipikwa kule Ulaya, imezoea.

— Tena bakubwa balisema, kidole kimoja hakiui chawa. Njo maana baliweka jina moja tu!

— Avocat, hiyo mezali haiseme vile, alisema Mama Hortense akimimina.

— Mama, mimina kahawa. Kuko ingine tena: jina ya Jicho ikiingia mu filme, bantu yote ya Pweto inakuwa bake. Kesho atabalipisha kodi. Gouverneur mupya!

Vapeur alicheka mpaka ubao ukatikisika. Donat hakucheka. Usiku kucha alikuwa ameapa kwamba mission hatakanyaga tena.

Mwanamke kijana mwenye kitambaa cheusi alitua kikapu cha samaki wakavu, akaomba kikombe. Alijitaja kuwa Régine. Alikuwa ameshuka kwenye lori la Pweto siku nne zilizopita.

— Ba baba, munaongea filme ya jana?

— Njo ile, mama.

— Kuko mama moja anageuza samaki, kisha anacheka.

Donat alimkumbuka. Mama yule alimwambia angoje kwanza afunge kitambaa vizuri, naye akangoja.

— Ni mama yangu, alisema Régine. Alikufa mu mwezi wa pili. Sasa nitamuona tena wapi?

Vapeur alimpisha kwenye ubao. Donat alijua kwamba Jumatatu filme ingepanda treni kwenda Ulaya, na zilizokwenda huko hazikuwahi kurudi.

Aliinuka.

— Mama, tuende.

Kule mission Padri alikuwa anapigilia misumari sanduku la filme. Alimsikiliza Donat, akamtazama Régine, kisha akaing'oa ile misumari. Walifunga madirisha ya darasa kwa mablanketi, Donat akawasha mashine ya kuonyeshea. Mama akatokea ukutani, akageuza samaki, akacheka.

— Simamisha pale! Régine alilia. Baba, simamisha!

— Haisimame, mama. Nikisimamisha, taa inamuunguza.

— Basi?

— Basi naanza tena.

Alianza tena mara nne. Mara ya mwisho Régine hakulia. Alisogea karibu na ukuta, akajifunza namna mama yake alivyofunga kile kitambaa.

Jumatatu Donat alikwenda stesheni. Yule kijana wa Ubelgiji alishuka na sanduku zito, akamwonyesha kwa kidole alibebe. Donat alishika kishikio kimoja cha sanduku, akanyanyua upande wake, akasimama akingoja. Watu walikuwa wanapita. Baada ya kitambo kijana aliinama, akashika kishikio cha pili.