Nilivyomkuta Mama Shiko Shambani Kwangu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe hata na sisi wenye mioyo migumu! Mimi ni Mama Brayo wa Kangemi. Nafua nguo kwa nyumba za watu Lavington, na nikitoka kazi nalima kipande cha shamba nilichokodi kule chini karibu na mto.

Ndugu zangu, wivu unauma! Mama Shiko wa kwaya mnamjua. Shamba lake limepakana na langu. Tulipanda mvua ile ile, mbegu ile ile. Viwavi walipoingia, majani ya mahindi yangu yakatobolewa kama chandarua kilichozeeka. Yake? Kijani! Mume wangu akipita pale anasimama, anasema, "Huyu mama anajua kulima." Hata akiimba hapa mbele, nilikuwa naangalia kando.

Nikaenda tao, huko mjini, mchuuzi akanipimia dawa ya wadudu kwa chupa isiyo na jina. Nikapuliza jua likiwa kali. Viwavi walikuwa wamejificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, hawakuguswa. Nikasema basi, huyu mama ndiye ananitumia hawa wadudu!

Asubuhi moja nikashuka shambani kabla ya kwenda kazi. Nikamkuta Mama Shiko ameinama katikati ya mahindi yangu!

"Wewe! Unatafuta nini kwa shamba yangu?"

Akafungua kiganja. Kilijaa viwavi na mayai aliyoyaponda.

"Pole, Mama Brayo. Nikimaliza kwangu navuka natoa na kwako. Wakikua hapa, vipepeo wao watakuja kutaga kwangu. Nilitaka kukuambia, lakini nikikusalimia hata huitikii."

Ndugu zangu, nililia pale pale nikiwa na gambuti zangu za mpira miguuni! Hakunicheka. Akanionyesha kufunua majani kila asubuhi na kuponda mayai, na kiwavi akishaingia ndani, kumfukia humo humo kwa udongo mkavu kidogo. Dawa tukanunua duka la kilimo, tukapuliza jioni, wakati wanatoka kula. Tukawa tunazunguka mashamba yote mawili pamoja.

Nimevuna! Mama Shiko alivuna kunishinda, na wivu ulijaribu kurudi, siwadanganyi. Nikaita, "Yesu, nisaidie, namwonea wivu Mama Shiko!" Nikamsaidia kubeba gunia lake mpaka barabarani.

Asante Mungu wangu! Na wewe uliyeketi hapo ukimwonea mwenzako jicho baya, usiogope. Mwambie Yesu jina la huyo mtu leo. Mimi nilimwambia, akanisikia.