Mzee Moja-Mbili, Fundi Aliyezima Mahubiri

Tarehe thelathini Juni fundi mitambo wa kanisa letu anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Waumini wengi hawajui jina lake la kwenye cheti. Wanamjua kama Mzee Moja-Mbili, kwa sababu kila Jumapili, kabla hata Mungu hajasalimiwa, yeye ndiye anayetangulia kusikika: "Haloo, haloo, moja, mbili." Tatu hajawahi kuifikia. Anasema tatu ni ya wanaojisifu.

Alianza wakati kanisa lina spika moja, nayo ilikuwa na kikohozi. Ofisi yake ni kibanda cha mbao nyuma ya benchi la mwisho, chenye kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya na feni isiyozunguka. Sauti ikikatika na mtu akamsingizia shetani, Mzee hujibu kwamba shetani hana haja ya kujisumbua, panya wanatosha.

Mafanikio yake ni mengi, na mengine hayafai kuandikwa katika kijarida hiki. Ni yeye aliyetimua mbio kwenda kuzima kipaza sauti cha mchungaji wetu wa zamani, aliyekuwa ameingia nacho msalani. Waliokuwepo wanasema alichelewa kidogo. Ni yeye pia aliyempunguzia sauti mwalimu wa kwaya mwaka hadi mwaka, naye mwalimu akawa anatusimulia jinsi umri ulivyomlainisha koo.

Lakini tukiacha kuitaja ile Wiki ya Uhai, mtaitaja wenyewe wakati wa chakula cha leo cha kumuaga, na kila mtu na chumvi yake. Afadhali iandikwe.

Miaka mitatu iliyopita, kwa ajili ya wiki hiyo, kanisa lilimwalika mhubiri mgeni aje kuzungumzia utoaji mimba. Katikati ya wiki tulikaa ukumbini kujadiliana. Mhubiri alisema ni kuua, basi, na aliyefanya hivyo atengwe na meza ya Bwana. Daktari, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema hata yeye anaamini uhai ni wa Mungu, ila ameshamwona mama akifa na mtoto tumboni, na siku hiyo hakuona ni uhai wa nani uliolindwa. Mwenyekiti wa akina mama akauliza mwanamume yuko wapi katika mahubiri haya yote, au siku hizi mimba huingia kwa upepo? Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee Moja-Mbili ndiye aliyekuwa akipitisha vipaza sauti, naye alikuwa na viwili. Chenye betri mpya kilikwenda kwa wanawake. Chenye betri zilizochoka aliwapa wanaume waliotaka kutueleza kwa kirefu uchungu wa kuzaa.

Jumapili hapakuwa na kicheko. Mtu alikuwa amemnong'oneza mhubiri kwamba kwenye kwaya yuko msichana aliyetoa mimba. Ni kweli, alikuwepo. Ni dada yangu, na ameniruhusu niandike. Nyumbani tulikuwa tunajua mama na mimi tu. Baba alikuwa amesimama mlangoni na wahudumu wa mapokezi, hajui lolote.

"Yuko binti humu," mhubiri akasema, "safu ya pili ya kwaya. Asimame mwenyewe atubu, kabla sijamtaja."

Dada alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo juu chini. Mhubiri akavuta pumzi, akafungua kinywa, na spika zote zikazimika.

Alikigonga kipaza sauti kwa kidole. Akakipuliza. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata waliokaa mbele waliona midomo tu ikitafuna hewa. Mzee akapanda madhabahuni na bisibisi, akafungua boksi ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, akamwaga skrubu zake sakafuni, kisha akaanza kuzitafuta moja moja. "Samahani, Baba Mchungaji, inua mguu kidogo." Alikuwa bado anazitafuta pale mwalimu wa kwaya alipoanzisha wimbo. Binti wa safu ya pili akasimama kweli, yeye na kwaya nzima.

Jioni ile Mzee na mkewe walikuja nyumbani na chupa ya chai. Hakuhubiri. Alimsalimu dada, akamwuliza kama amekula, halafu akatengeneza redio yetu bila kuombwa. Siku chache baadaye dada alimwambia baba mwenyewe. Baba hakufurahi, na kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilikuwa ngumu kukaa. Lakini aliyasikia kwa mwanawe, si kwa spika.

Baraza la wazee lilimwita Mzee. Lilimwuliza kama ni waya. Angesema ni waya, angerudi zake nyumbani. Akasema, "Waya ni mzima. Mkono ndio ulioteremka." Wakamwuliza kama basi anaunga mkono kutoa mimba. "Hapana, wazee wangu. Mimi naamini yule alikuwa mtoto. Sasa kama ni mtoto, si binti amefiwa? Tangu lini mfiwa tunamsimamisha mbele tumzomee? Mfiwa anapelekewa chai." Mjumbe mmoja wa baraza akamwambia kwamba akiachwa hivi, kesho atatuzimia hata Injili. Mzee alikubali kuwa hoja hiyo ina uzito. Akasimamishwa kazi.

Mpwa wa mweka hazina akawekwa kibandani na kompyuta yake, na katika harusi ya kwanza tu spika zilipiga mayowe bibi harusi alipofungua mdomo kusema "nakubali". Mzee akaitwa arudi. Alikataa kupokea funguo hadi baraza liamue kwamba hakuna atakayetajwa dhambi yake madhabahuni bila ridhaa yake mwenyewe. Azimio lilipita kwa tofauti ya kura moja.

Msidhani dada amekuwa mfuasi wake. Anasema hana hakika kama alifiwa, na hana hakika kama hakufiwa, na kwamba kwa Mungu atakwenda mwenyewe bila mkalimani. Mzee anamwita "mjukuu mbishi". Wanabishana pale kibandani mpaka mfagizi awafukuze.

Mzee wetu, asante kwa masikio yako, na kwa mkono wako. Tunakuombea Jumapili ndefu za kulala hadi jua likuchome, na kimya kingi unachotudai.

Bado kazi moja. Leo baada ya chakula dada ameomba kusema. Hajatuambia atasema nini, na baraza halikumwuliza. Baba atakaa mbele. Kabla hujakabidhi funguo, tunaomba umwashie wewe.