Mzee Ussi bin Bushiri, Aliyechonga Gari la Moshi la Vita (1897–1967)

Asalaam aleikum, ndugu na majirani. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mimi ni Sadallah, mpwa wa marehemu. Familia imeniomba niwasomee haya kabla jeneza halijanyanyuliwa.

Mzee Ussi alizaliwa hapa Mtawanya mwaka 1897, wakati wa mavuno ya mpunga. Siku yenyewe haikuandikwa. Wazazi wake, Mzee Bushiri Kondo na Bi Mwanamkuu, walijaliwa watoto wawili tu: mama yangu, Bi Biasha, kisha yeye.

Alisoma chuoni kwa Mwalimu Abbasi, akafika juzuu ya Amma na kuishia hapo, maana vita vya Maji Maji vilifika na chuo kikafungwa. Ramadhani ya mwaka 1905 askari wa Mdachi walikuja kuwasaka waliokunywa maji ya dawa ya vita. Waliwafunga kamba shingoni wanaume kumi na wawili, baba yake akiwa mmoja wao, wakawaswaga kwenda Dar es Salaam kujenga reli. Marehemu alikuwa na miaka minane. Alimwuliza mama yake baba amepelekwa wapi.

"Kwenye gari la moshi."

"Gari la moshi ndiyo nini?"

"Sijui, mwanangu. Sijaliona."

Mwaka 1912, mama yake alipofariki, alikwenda Dar es Salaam kwa miguu kumtafuta baba. Kibarua mmoja mzee wa relini alimwambia, "Watu wa Rufiji walikuwa wengi. Waliokufa tuliwafukia kando ya tuta. Majina hatukuulizana." Marehemu hakurudi nyumbani. Aliomba kazi karakana ya reli, akajifunza useremala na herufi za Kizungu. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, alitengeneza mabehewa ya kubebea askari, mengine ya mizinga, na moja lililovishwa bati nene kuzuia risasi. Alirudi nyumbani mwaka 1920.

Mwaka 1922 alimwoa Bi Mwantum wa Ikwiriri, wakapata binti, Tatu. Bi Mwantum alifariki mwaka 1946. Wakati huo Tatu alikwishaolewa Kiongoroni, na kutoka kule hadi hapa ni mitumbwi na miguu. Alikuja mara moja kwa mwaka, mwaka mwingine asije.

Hapo ndipo marehemu alipoanza kuchonga. Kichwa cha gari alikichonga kwa mninga, magurudumu akayakata kwenye vibao vya mpingo, bati akalitoa kwenye makopo ya samaki. Alichonga mabehewa tisa, yote ya vita: ya askari, ya mizinga, ya baruti, ya maofisa. Reli za mianzi zilizunguka chumba kizima, hata kitanda akakihamishia ukumbini. Aliyebisha hodi gari likiwa linavutwa alisubirishwa mlangoni: "Ngoja kidogo, linakunywa maji." Watu walicheka, kisha wakazoea, kisha wakaacha kubisha hodi.

Mwaka 1948 mama yangu alikuja kumtazama. Alipowaona askari wa mti waliopangwa ndani ya mabehewa na bunduki zao, alisimama palepale.

"Ussi! Waliomchukua baba ndio unaowachonga?"

"Dada, ingia kwanza."

"Siingii nyumba yenye askari wa Mdachi."

Aliondoka. Walikutana misibani na kwenye harusi, wakapeana salamu tu. Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Mimi nilikuwa nikija peke yangu na kumkuta anaongea na gari lake.

Mwezi wa Machi mwaka huu kifua kilimbana. Alitibiwa hospitali, akapata nafuu, kikamrudia. Mwezi wa Agosti nilimwambia mama, "Mjomba hawezi tena kujipikia." Baada ya siku mbili alifunga mzigo wake, akaja kumwuguza. Asubuhi moja, akifagia chumba kile, aliinama akachungulia dirisha la behewa la maofisa. Ndani, kwenye kiti chenye mto wa kitambaa, alikaa mtu mmoja tu, wa kanzu na kofia.

"Na huyu?"

"Baba," marehemu alijibu kutoka kitandani. "Aliijenga reli, hakuipanda. Nimempa kiti."

Mama aliketi chini na ufagio mkononi. Baadaye akasema, "Pua umekosea. Ya baba ilikuwa pana." Marehemu aliomba kisu. Yeye alishika mti, mama akamwelekeza, hadi adhuhuri.

Mzee Ussi alifariki jana, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 1967, baada ya sala ya alasiri, mkono wake ukiwa mikononi mwa dada yake. Alikuwa na miaka sabini.

Ameacha binti, Bi Tatu, ambaye yuko njiani na hatawahi maziko, wajukuu wanne, mimi mpwa wake, na dada yake, Bi Biasha, ambaye kuanzia jana ndiye mtu pekee duniani anayeikumbuka sura ya Bushiri Kondo.

Mola amwondolee upweke wa kaburi, ampe pumziko lenye amani. Amin.