Mzee Wabuge na Bima ya Agosti

Mzee Bethwel Wabuge anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kusimamia kampuni za bima hapa Eldoret. Aliingia kama karani wa mafaili. Anatoka akiwa mkaguzi mkuu, na bado anafunga mafaili kwa kamba anayobeba kutoka nyumbani kwa sababu haamini zetu.

Kazi yake ilikuwa kupitisha mikataba ya bima ya mazao kabla kampuni hazijaiuza. Kuna mmoja aliupitisha vibaya, na ni yeye hutukumbusha. Mkataba huo ulihesabu mvua hadi mwisho wa Julai, kwa kalenda ya zamani. Lakini siku hizi mvua za kupanda zinachelewa, na mahindi yanabeba Agosti. Mwaka huo Agosti ilikauka kabisa. Wakulima wa Ziwa, mji mdogo nje ya Eldoret, hawakulipwa chochote, na kwa karatasi kampuni haikuwa na kosa.

Mzee alienda Ziwa, akasimama kwenye kituo cha maziwa, akasema sahihi ni yake. Mama Kavetsa, mmoja wa wakulima hao, akamuuliza mbele ya watu wote: "Kwa hivyo Agosti mahindi yangu inakuwa yatima?"

Tangu siku hiyo hajapitisha mkataba ambao haujasomwa kwa sauti pale kituoni, kwa Kiswahili, na meneja wa kampuni mwenyewe. Meneja wa kwanza, Bwana Ndungu, alikuja na viatu vya kung'aa, akasoma kurasa nne akiwa ndani ya matope, akakatizwa na wakulima mara kumi na saba. Kila alipokatizwa, Mzee aliweka alama kwenye mkataba. Mwaka uliofuata Bwana Ndungu alirudi na gambuti, na bima inayofika mwisho wa Septemba.

Sisi wenye watoto wachanga tutamkosa sana. Saa kumi na moja ikifika alikuwa anakuzimia kompyuta na kukwambia mtoto hakaguliwi kwa simu.

Wiki jana kampuni moja iliandika kuuliza kama, Mzee akiondoka, kusoma kwa sauti pia kutaisha. Tumejibu hapana. Februari tuko Ziwa, saa moja asubuhi, mitungi ya maziwa ikishashushwa. Mzee atakuwepo, safari hii kwa benchi ya wakulima, kwa sababu ana ekari tatu za mahindi huko Chepsaita na anataka bima. Ameshatuonya kwamba ana maswali.

Asante, Mzee. Tunakuombea afya, mvua ya wakati wake, na meneja mwenye sauti ya kusikika.